Zamu ya Resian Kisimani

Parsimei aliambiwa avue shuka. Aliyemwambia hakuwa daktari wala askari. Alikuwa mwanamke, tena mnene, tena alikuwa anatafuna muhogo.

"Baba, humu hatuingii na lubega," alisema Grasiana, mama aliyelitunza bwawa la mazoezi pale Korogwe. "Kaptula zipo kwenye ndoo ile. Chagua itakayokuenea, nenda nyuma ya pazia, vaa, urudi."

Parsimei aliitazama ndoo kama mtu aliyeambiwa ndani yake kuna nyoka, lakini mpole. Alikuwa ametoka upande wa Kwaluguru, kule Handeni, tangu alfajiri, mtoto begani, vumbi hadi kwenye kope. Njia nzima watu walimkodolea macho. Mmasai mwenye fimbo wamemzoea. Mmasai aliyembeba binti wa miaka mitano, miguu ya binti imepishana kama mkasi uliofungwa, huyo walikuwa hawajamzoea bado. Aliyepaswa kuja ni mkewe, Nasieku, lakini Nasieku alikuwa amejifungua juzijuzi na hatoki nje. Na nafasi ya Resian bwawani ilikuwa imefika. Wasipokwenda, nafasi anapewa mtoto mwingine, na hao wengine hawakuwa wachache.

"Mimi nitasimama hapa juu," alisema Parsimei. "Nyie mwosheni."

"Hatuoshi mtu hapa. Mzazi anaingia na mtoto wake. Ndiyo sheria, na sheria hiyo sikuipika mimi. Mimi nimepika uji."

"Kaptula ni nguo ya watoto wa shule."

"Na ya watalii, shemeji!" sauti ilitoka majini. Alikuwa Rukaya, mama wa Mazinde, amezama hadi kifuani na dira lake na mtandio wake, amemkumbatia mwanawe Mustapha. "Hujawaona? Tena wao wanazilipia."

Akina mama wengine wakacheka. Parsimei, ambaye aliwahi kulala porini na fisi wakimzunguka na asubuhi akahesabu fisi kwanza ndipo akahesabu ng'ombe, alishindwa na kicheko hicho. Akasema liwalo na liwe, akamkumbatia Resian, akashuka ngazi na shuka lake.

Sasa, shuka na maji hawajuani. Alipofika kiunoni, shuka lilipanda juu, likafunguka pande zote kama mwavuli, jekundu, zuri kabisa, na Parsimei akabaki katikati kama mti wa mwavuli. Rukaya alimziba Mustapha macho kwa kiganja. Yake mwenyewe akayaacha wazi.

"Shika!" Grasiana alirusha kaptula ya bluu. Fabiani, daktari wa mazoezi ya viungo, kijana wa Vugiri mwenye soni, alimpokea mtoto. Parsimei akaivaa kaptula humo humo majini, mguu mmoja mara mbili, na wanawake wote wakageukia ukutani, isipokuwa wale ambao hawakugeuka.

Baada ya hapo hakuna aliyecheka tena, kwa sababu kazi ilianza. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Mabomba meusi yalitandazwa juu ya bati, jua likafanya kazi yake bila mshahara. Fabiani alimwonyesha Parsimei jinsi ya kumshika Resian chini ya kwapa, kisha kiunoni, na kumyumbisha pole pole kama anayemtuliza ndama. Mwanzoni mtoto alikakamaa, vidole vimejikunja ndani ya viganja. Kisha, kidogo kidogo, ile miguu iliyopishana ikaanza kuachana. Parsimei aliiangalia ndani ya maji. Hakuwahi kuona pengo kati ya magoti ya binti yake.

"Nisikudanganye, baba," Fabiani alisema kwa sauti ya chini. "Mtindio wa ubongo hauponi. Mtoto alichelewa kulia alipozaliwa, ubongo ukaumia, umeumia. Lakini misuli ikiachwa izidi kukaza, nyonga zitafunga, na hata kukaa hatakaa. Tukiilegeza, na tukamzoesha mwili wake, kukaa mwenyewe inawezekana."

Nyumbani Resian alikuwa mtoto wa kuegeshwa: kwenye paja la mama, kwenye gunia la mahindi, kwenye ukuta. Mkono ukiondoka, anaanguka ubavu, na wageni wanajifanya hawajaona. Kutembea Parsimei alikwisha kukusahau. Alitaka jambo moja tu duniani, amwone binti yake amekaa kitako mwenyewe, bila mkono wa mtu.

*

Balaa lilianzia kwenye unga mweupe. Wakati wazazi wanajifuta, Fabiani alichota unga kwenye kopo akaumwaga bwawani. Parsimei alimwona. Hapo hapo mambo yote yakajipanga kichwani mwake.

Kwa mfugaji hakuna fumbo hapo. Kwao Handeni kuna josho, lile shimo refu la saruji ambamo ng'ombe hutumbukizwa mmoja mmoja. Maji ya josho ni maji tu. Kinachoua kupe ni dawa iliyochanganywa ndani. Ng'ombe akitoka pale amepona, na mwenye akili hasemi amepona kwa maji.

"Daktari," alisema, "hiyo dawa ya miguu inauzwa wapi?"

"Dawa gani?"

"Hiyo uliyoweka."

"Aah. Hiyo ni ya kuua vijidudu, baba. Watu wengi wanaingia humu."

"Ndiyo, vijidudu vya miguu."

"Hapana, vijidudu vya maji. Miguu haina dawa."

Parsimei aliitikia kwa kichwa, kwa heshima zote, na hakuamini hata neno moja. Anayeijua dawa ya mifugo haitaji jina lake mnadani. Hata yeye hufanya hivyo. Kwa hiyo alingoja Grasiana aingie jikoni, akachukua dumu lake la safari, akalizamisha bwawani, likanywa hadi likashiba.

Grasiana alimkuta getini. Mtoto bega moja, dumu mkono wa pili, kaptula ya bluu bado kiunoni chini ya shuka bichi.

"Mzee, umebeba nini?"

"Maji."

"Ya wapi?"

"Ya Mungu."

"Ya Mungu yana mita yake hapa, baba." Alilishika dumu, akalifungua, akanusa. "Ya bwawani! Sasa haya ya nini? Wamekojolea watoto wote humu, na mmoja ni wa Rukaya, huyo hujibana mpaka afike kwenye maji."

Mbele ya mlinzi, mbele ya akina mama waliokuwa wakisubiri usafiri, Grasiana aligeuza dumu akamwagia maua. Maji yote. Pole pole, kama mtu mwenye maji mengine. Parsimei alisimama akiangalia ardhi ikiyanywa. Kule kwao mwanamke hutoka gizani na punda kufuata dumu kama hilo, na huyu hapa analinyweshea ua ambalo hata mbuzi halili. Hakuinua uso. Aliyemwona akadhani ni aibu ya wizi.

"Huyo dada ana roho ya jiwe," Rukaya alimnong'oneza. "Ungeniambia mimi, shemeji, ningekuchotea nikiwa ndani."

Fabiani alitoka mbio. Alipoelezwa, hakucheka, na hapo alifanya vizuri, kwa sababu Parsimei alikuwa ameshaikaza fimbo mkononi.

"Baba, unadhani nakuficha dawa?"

"Sidhani. Najua."

"Rudi ndani basi. Nikuonyeshe dawa. Grasiana, ingia majini."

"Mimi? Nimeshavaa gauni kavu!"

"Ingia."

Grasiana aliingia akilalamika, na bwawa likapanda kidogo. Parsimei akaambiwa ampe Fabiani mtoto, ashuke, alale chali, aachie mwili. Hataki. Akaambiwa ni kwa ajili ya Resian. Akalala, mgumu kama mwimo wa mlango, mikono imekamata kingo. Grasiana akampitishia mkono mmoja chini ya mgongo, mmoja tu, ule mwingine bado una muhogo, akasema, "Achia, baba, sijawahi kumwangusha mtu zaidi ya mume wangu."

Parsimei akaachia. Yule mwanamume mrefu, mwenye mifupa ya kubeba ndama mabegani, akawa juu ya mkono wa Grasiana kama kichanga. Masikio yakajaa ukimya. Goti lake la kushoto, lililomuuma tangu alipokanyagwa na fahali, halikuuma. Akafumba macho. Aliyafumba muda mrefu kuliko ilivyokuwa lazima, na Grasiana, nasema haya kwa kuwa ni kweli, alimwachia alale.

"Unaona?" Fabiani aliuliza. "Nani amekubeba?"

"Huyu mama."

"Muulize kama ana nguvu hizo."

"Sina," alisema Grasiana. "Nje ya maji nisingekubeba hata kiatu."

Parsimei alisimama, maji yakimtiririka usoni, hivyo mengine ya usoni hayakujulikana ni yapi.

"Kwa hiyo ni maji tu."

"Ni maji tu. Safi, yenye joto, na mikono ya mzazi. Ila mara moja kwa mwezi haitoshi, baba. Wewe unatoka mbali. Ungepata mahali kwenu, mara nyingi kwa wiki, ndiyo ingekuwa dawa. Lambo hapana. Lambo lina kichocho."

*

Habari ya kaptula ilifika Handeni kabla ya mwenye kaptula. Simu hizi zina miguu kuliko ng'ombe.

"Umeondoka na shuka, umerudi na bluu," Nasieku alisema kutoka ndani, kichanga titini. "Ndivyo Korogwe inavyofanya waume za watu?"

"Nimebebwa na mwanamke."

"Sema tena, taratibu."

Akasema tena, akaeleza yote, pengo la magoti, unga mweupe, dumu, maua. Nasieku alicheka pale kwenye mwavuli, akanyamaza pale kwenye maua. Mwisho akauliza swali la mtu anayejua anakoishi: "Maji safi, mengi, ya moto, yako wapi kwetu sisi?"

Yalikuwepo mahali pamoja. Kisima kirefu cha kijiji kilikuwa na pampu ya sola, na pampu ilijaza birika refu la saruji la kunyweshea ng'ombe. Maji ya kisima hicho ndiyo waliyokunywa watu pia. Asubuhi birika hujazwa. Ng'ombe hufika jua likiwa utosini.

Kesho yake Parsimei alimpeleka Resian mapema, kabla ya mtu yeyote. Maji yametoka chini ya ardhi sasa hivi, baridi ya kuuma meno. Resian alipiga kelele, miguu ikapishana kuliko mwanzo, akatetemeka hadi midomo ikapauka. Parsimei alimfunika kwa shuka, akamrudisha mbio.

"Umemgandisha," Nasieku alisema, akimpasha kifuani pamoja na mdogo wake. "Yaache maji yaote jua mpaka adhuhuri."

"Adhuhuri ni saa ya ng'ombe."

"Najua."

"Zamu zimeshapangwa na wazee."

"Najua, Parsimei. Na wewe unajua wazee wanakaa wapi. Ulijua njia mpaka Korogwe, hapo kisimani utapotea?"

*

Adhuhuri kisimani ni kelele na vumbi. Kila mwenye mifugo ana zamu yake, na ng'ombe wa mtu hasogei mpaka jina la bwana wake liitwe. Zamu ya kwanza ndiyo ya heshima: maji safi, birika tele. Wa mwisho hunywa mate ya wenzake. Kiangazi kile zamu ya kwanza ilikuwa ya mzee Keriako, ambaye pia ndiye aliyeita majina, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa.

"Anakuja mtalii!" mmoja wa rika la Parsimei alipaza sauti. "Kamera yako iko wapi?"

"Mwacheni, amekuja kutafuta mwanamke wa kumbeba!"

Parsimei alimsalimia mzee Keriako, Resian begani, akasimama mbele yake.

"Mzee, naomba zamu ya kwanza."

"Ya kwanza ni yangu. Ng'ombe wako wako katikati, tena ni pazuri."

"Siombi ya ng'ombe wangu. Naomba ya Resian."

Wanaume walicheka mpaka ng'ombe wakageuka. Keriako hakucheka, lakini ndevu zake zilicheza.

"Resian ana ng'ombe wangapi?"

"Hana ng'ombe. Ana miguu."

"Miguu tunaiona." Hakusema kwa ubaya, lakini neno likishatoka haliulizi limetoka kwa nia gani.

"Maji ya moto yanailegeza, mzee. Na moto hupatikana saa hii tu. Nipeni zamu ya mwanzo, muda mfupi, siku tatu kwa wiki. Ng'ombe wangu watakunywa wa mwisho. Baada ya wenu wote. Baada ya mbuzi."

Kicheko kilikatika. Mfugaji kuweka ng'ombe wake nyuma ya mbuzi wa watu ni kama mwenye nyumba kuomba alale uani.

"Kiangazi chote?"

"Chote."

"Kwa mtoto asiyetembea?"

"Kwa mtoto wangu."

Keriako alichora mchanga kwa ncha ya fimbo, akafuta alichochora. "Na ng'ombe wakikataa kunywa maji aliyoingia mtu?"

"Wanakunywa ya lambo, mzee, wamesimama humo na mikia imeinuliwa."

Hapo hata Keriako alishindwa kujizuia. "Ingia," alisema. "Ila mimi natazama."

Parsimei alivua shuka, akalikunja, akaliweka juu ya jiwe. Chini yake ilikuwa ile kaptula ya bluu. Akasimama nayo mbele ya rika lake lote, juani, magoti nje, na akangoja wamalize kucheka, kwa sababu alijua lazima watamaliza. Kisha akaingia birikani, akapiga magoti, akamkalisha Resian kwenye maji, mikono yake miwili kiunoni kwa mtoto. Maji yalikuwa yamepata jua. Akamyumbisha kama alivyofundishwa. Ule mkasi wa miguu ukaanza kufunguka. Wanaume walisogea, mmoja, wawili, wakijifanya wanafukuza nzi.

Kwa kusogea huko wakawasahau ng'ombe. Fahali la Keriako, lenye kiu na lisilojua zamu wala utaratibu, likapenya, likaja mbio hadi mwisho wa birika, likatumbukiza pua. Wimbi likaja. Parsimei akaruka, akanyoosha mikono yote miwili kulizuia, "Hoo! Hoo!" na ndipo alipokumbuka mikono hiyo ilikuwa na kazi gani.

Aligeuka haraka.

Resian alikuwa amekaa. Maji yamemfika kifuani, yanamshika pande zote, kichwa kinayumba kama ua la mtama, vidole vya mkono mmoja vimefunguka juu ya maji. Anaangalia fahali. Hakuna mkono wa mtu uliomgusa. Alikaa hivyo mpaka baba yake akapata pumzi, akakaa mpaka mzee Keriako akavua kofia bila kujua ameivua, ndipo akaanza kuinama upande na Parsimei akamdaka.

Kwenye ua wa boma, mwanamke ambaye hakupaswa kuwa nje bado alikuwa nje, na kichanga mgongoni. Nasieku alipiga kigelegele kimoja tu, kikali, kikapita juu ya migongo ya ng'ombe wote.

"Fahali langu limekunywa," Keriako alisema baada ya kukohoa. "Halikukataa." Akainua fimbo, akawageukia watu kama anayetangaza mnada. "Zamu ya kwanza, Resian binti Parsimei! Nyuma yake, mimi. Mwenye neno aseme na ng'ombe wake kwanza."

Aliyesogea ni Mdoe, Mzigua aliyeendesha pampu na kupokea malipo, mtu mwema, mkulima, asiyefuga hata kuku.

"Baba Resian," alisema kwa upole, "kamati ya maji iliweka bei ya ng'ombe na bei ya mbuzi. Ya mtoto haipo. Mimi nitamtoza kama mbuzi tu, nikusaidie."

Wale wale waliomwita Parsimei mtalii walimgeukia Mdoe kama mtu mmoja. Mdoe aliangalia huku na huku, asijue amekanyaga nini.

"Mbuzi?" Parsimei aliuliza. Alikuwa ametoka birikani, kaptula imemganda, Resian amelala kifuani pake ametepeta kwa raha.

"Ni nafuu, baba. Ng'ombe ni ghali."

"Umeona mbuzi akitangulia ng'ombe wa mzee Keriako hapa?"

"Sijaona."

"Basi?"

"Mtoze ng'ombe, bwana!" Keriako alifoka. "Tena ng'ombe wa maziwa!"

"Ng'ombe ni bei moja, mzee, wa maziwa na asiye wa maziwa."

"Toza hiyo moja, na hilo neno mbuzi lisirudi hapa."

Parsimei alimpa mzee Keriako mtoto amshikie. Akaliendea jiwe, akafungua fundo la shuka, akalipa bei ya ng'ombe. Alilipa sarafu moja moja, akiigonga kila moja kwenye kiganja cha Mdoe, taratibu, bila haraka yoyote, mpaka wa mwisho kule nyuma aliyeshika mbuzi wake naye akaona.